Miguu Isiyotoa Jasho

Unga haukubadilika rangi.

Ntandu Mkumbo aliinama tena juu ya kitanda cha kioo, akapitisha taa yake ndogo kutoka vidole vya miguu vya yule mwanamke hadi nyonga. Unga ule ulikuwa wa manjano alipompaka, na ulitakiwa kugeuka zambarau popote jasho linapochomoza. Usoni ulikuwa zambarau. Shingoni na kifuani ulikuwa umekolea mpaka unatiririka. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini ulibaki manjano, mkavu, kama unga uliomwagika mezani na mwenye nyumba hajaja kuufuta.

"Chomo la mwisho," ilisema Mizani, mashine ya kupimia maumivu, kwa sauti yake ya kike ya upole. "Digrii hamsini. Unyayo wa kushoto."

Ntandu aliikandamiza ncha ya chuma. Veneranda hakupiga kelele. Alikuwa ameng'ata kipande cha mkanda wa ngozi, na Ntandu akasikia kitu kikivunjika mle kinywani, ka, kama mfupa wa kuku. Kisha Veneranda akautema mkanda pamoja na jino.

"Maumivu, nne kwa mia," ilisema Mizani. "Mhusika anasema uongo. Huu ni uongo wa tatu. Ahsante kwa ushirikiano."

"Nne," alisema Veneranda. Damu ilimshuka kidevuni. "Shemeji, hata sisimizi akikung'ata ni zaidi ya nne."

Ntandu aliokota lile jino sakafuni, akabaki amelishika, hajui alitupe au alirudishe kwa mwenyewe. Lilikuwa gego zima, limepasuka katikati. Mwongo hapasui gego lake. Mwongo hupiga mayowe, hutupa mikono, humwita mama yake.

Uongo wa tatu. Pale kambini Itumbi hata mtoto wa kunyonya alikuwa kama anajua maana yake. Treni ilileta betri kuukuu za nchi nzima kwenye uwanda ule wenye upepo. Watu walizivunja kwa nyundo, kisha wakaviosha vyuma vyake kwenye matangi ya kiyeyusho, maji makali yanayonuka kama petroli. Mvuke wa kiyeyusho hauui siku hiyo hiyo. Unaanza na vidole vya miguu: ganzi, halafu sindano, halafu moto. Moto unapanda hadi kifundo, hadi kwenye ugoko, unaishia kwenye mstari mmoja miguu yote miwili. Ndiyo maana watu waliuita ugonjwa ule soksi. "Fulani kashavaa soksi," walisema, na ukisikia kavaa na glavu, ujue umefika mikononi na hawezi tena kujifunga vifungo vya shati.

Dawa ya kuuzima moto ule ilikuwepo. Ilikaa ndani ya kabati la chuma, vichupa vya kioo vimepangwa kama mayai. Mwanzoni ilitolewa kwa kila aliyesema anaumwa, na kila mtu akasema anaumwa, hadi walinzi ambao hawajawahi kulisogelea tangi. Mamlaka ya Kambi ikaleta Mizani. Kuanzia hapo mdomo wa mtu haukuulizwa tena. Ukionekana mkweli, unapewa dawa na kazi ya kivulini. Ukionekana mwongo mara tatu, unapelekwa tangi la chini, unasimama ndani ya kiyeyusho hadi magotini ukikwangua mashapo. Aliyekaa sana huko alikaa miezi kumi na moja. Na akifa, huzikwa nje ya uzio kwa trekta, bila jina, na ndugu haruhusiwi kutupa hata konzi moja ya udongo. Watu wa Itumbi waliweza kulizoea tangi. Hilo la udongo liliwashinda.

Msengi, mume wa Veneranda, alikuwa nje ya uzio mwaka wa saba sasa. Aliyempima alikuwa Ntandu. Huyo huyo Ntandu ndiye aliyepeleka barua ya posa kwa kina Veneranda, enzi hizo yeye na Msengi wakilala chumba kimoja na kupokezana nyundo moja.

*

Baada ya kila upimaji Mizani ilihitaji nusu saa kuandaa hati. Kwa nusu saa hiyo ilikuwa kiziwi. Ntandu alifunga mlango, akaleta beseni la maji, akaanza kumwosha Veneranda unga.

"Pumua na mimi," alisema ghafla.

"Nini?"

"Pumua. Vuta pole pole, nitahesabu tano. Toa pole pole, tano. Usiniulize."

Alimbandika kishikizo cha kuhesabu mapigo ya moyo kidoleni, na kingine akajibandika mwenyewe. Wakapumua. Namba ya Ntandu ilicheza kama mbuzi kwenye kamba: alipovuta hewa ilipanda hadi themanini na nne, alipotoa ikashuka hadi sitini na mbili. Ya Veneranda ilikaa themanini na moja. Alivuta, themanini na moja. Alitoa, themanini na moja. Pumzi sita, dakika nzima, hata hatua moja haikusogea.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Veneranda.

Ntandu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliachia shule darasa la tano, na mambo haya aliyasema kama alivyoyaelewa.

"Kuna neva za kuamrishwa na kuna neva za kujiendesha. Ukitaka kuinua mkono, unaamrisha. Lakini jasho huliamrishi, moyo huuamrishi, tumbo huliamrishi. Vina neva zake, zinafanya kazi bila kukuuliza. Sasa kiyeyusho kinakula neva zote, hakichagui. Zile za maumivu kinazitafuna nusu, ndiyo maana zinapiga kelele saa zote. Zile za jasho kinazimaliza kabisa. Mizani inatafuta maumivu kwa kuangalia jasho la miguu na mshtuko wa moyo. Kwako haioni kitu. Si kwamba huumwi. Shahidi wake amekufa. Inamwita, haitikii, inasema hakuna kesi."

"Na waliitengeneza hivyo makusudi?"

"Waliifundisha kwa vijana ishirini wenye afya. Walituchoma, ikatazama tunavyotoa jasho, ikajua hayo ndiyo maumivu. Nilikuwa mmoja wao." Alitazama mikono yake. "Wagonjwa hawakuitwa. Walikuwa kazini."

Veneranda alijiinua kwa viwiko. Uso wake ulikuwa umefutwa nusu, nusu nyingine bado zambarau.

"Haya umeyajua leo?"

Ntandu angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Yameandikwa kwenye kitabu cha mashine. Sura ya tisa, karibu na mwisho, baada ya maelezo ya kusafisha vioo. Nilisoma mwaka mmoja baada ya Msengi."

"Miaka sita."

"Sita."

"Na katikati hapo umewapima wangapi?"

"Wengi."

"Waongo wangapi, nimekuuliza."

"Tangu mwanzo, mia mbili na kumi na wawili."

Alitegemea atamtukana. Alitegemea hata kofi, na angelipokea. Veneranda alicheka, kicheko kifupi kinachotoa damu.

"Msengi alikuwa akisema, Ntandu ni mzuri ila mwoga, tumwombee apate mke mkali. Ungempata, shemeji, leo watu wangekuwa hai."

Ntandu alichovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua kidogo tu. Unga ulikuwa bado mwingi miguuni mwa Veneranda. Tone moja hapa, tone moja pale, na miguu ile ingegeuka zambarau kama zabibu. Angeiamsha Mizani, angedai chomo la marudio, ambalo mpimaji anaruhusiwa. Moyo angeudanganya kwa kujibandika kishikizo yeye mwenyewe chini ya shuka.

"Tulia hivyo hivyo," alisema. "Robo saa tu, unatoka hapa mkweli. Leo leo unachomwa dawa."

Veneranda aliukamata mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vimeshavaa glavu, havikujua vinakamata kwa nguvu kiasi gani, na kucha zikamwingia Ntandu.

"Usinipanguse."

"Veneranda, hati inatoka sasa hivi."

"Ukinipangusa mimi nitapona, na Mizani itakuwa imesema kweli siku zote. Mume wangu atabaki mwongo. Niliolewa na mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata umri wa mbuzi mnadani, leo watoto wa shule wakipita pale nje wanatema mate. Mimi sitaki dawa yako ya kuiba. Hakuna njia nyingine?"

Njia ilikuwepo. Ntandu aliijua kama mtu anavyojua mahali lilipo kaburi lake. Kifungu cha kumi na tisa cha sheria ya upimaji: mpimaji anaweza kuikataa Mizani mara moja katika maisha yake ya kazi, kwa ushahidi wa mwili, mbele ya Mkaguzi. Ushahidi udumu dakika kumi bila kukatizwa. Ukikatizwa, pingamizi limefutwa, na mpimaji anaingia tangi la chini pamoja na mpimwa wake. Hakuna aliyewahi kukitumia.

"Kuna kukusimamisha," alisema. "Mtu mwenye afya akisimama, damu inataka kumwagikia miguuni. Neva za kujiendesha zinaminya mishipa, moyo unakaza mwendo, damu inabaki kichwani. Zako hazipo. Nikikufunga kwenye ubao nikausimamisha, presha itaporomoka na moyo hautashtuka. Hapo hata kipofu ataona kuwa neva zimekufa. Lakini ni dakika kumi, Veneranda. Wewe ukisimama kwenye foleni ya uji unaanguka dakika ya tatu, nimekuona."

"Naanguka kwa sababu hakuna wa kunishika. Ubao una mikanda?"

"Unayo."

"Basi nifunge," alisema Veneranda. "Na usinishushe. Hata nikikuomba."

*

Mkaguzi Dorosela alifika saa nne asubuhi ya siku ya pili, amebeba karanga za kukaanga ndani ya karatasi. Alikuwa mwanamke mnene, mstaarabu, asiyepandisha sauti. Alimsalimia Veneranda kwa adabu, akamuuliza habari za nyumbani. Mlinzi alisimama mlangoni.

"Umefikiri vizuri, Bwana Mkumbo?" aliuliza. "Miaka tisa sina barua hata moja ya malalamiko juu yako."

"Wanaolalamika wako nje ya uzio, mheshimiwa."

"Ha! Umeanza na ucheshi." Alimenya karanga moja. "Endelea."

Ntandu alikaza mkanda wa kifua, wa nyonga, wa magoti. Veneranda alikuwa amelala chali ubaoni. Presha yake ilikuwa mia na ishirini na nane. Moyo, themanini na moja. Ntandu akavuta wenzo, na ubao ukainuka hadi ukasimama wima.

Dakika ya kwanza presha ilikuwa mia na nne.

"Anaona nini?" aliuliza Mkaguzi.

"Naona nyota," alisema Veneranda mwenyewe. "Na wewe unatafuna kama panya."

Mkaguzi akacheka, akaifunga karatasi ya karanga.

Dakika ya pili, themanini na nane. Midomo ya Veneranda ikageuka rangi ya majivu. Dakika ya tatu, sabini. Moyo ulikuwa themanini na mbili. Ntandu alionyesha kioo cha namba kwa kidole. "Tazama, mheshimiwa. Damu inamkimbia na moyo umekaa kitako. Wako au wangu sasa hivi ungekuwa mia na thelathini. Hizo neva hazipo. Mtu huyu hawezi kutoa jasho la miguu hata ukimbanika. Mizani ilikuwa inamsoma maiti."

"Naona," alisema Mkaguzi. "Inavutia."

"Shemeji," alisema Veneranda. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Shemeji, nishushe kidogo."

Dakika ya nne kichwa chake kikaanguka kifuani.

Ntandu alijikuta ameshika wenzo. Presha, arobaini na tano. Mtu akizimia hushuka chini, na kule chini damu humrudia. Ndivyo mwili ulivyopangwa, kuanguka kwenyewe ni dawa. Mikanda ndiyo iliyomzuia asianguke.

"Ushahidi umeshaonekana, mheshimiwa. Nimshushe?"

"Ni hiari yako." Sauti ya Mkaguzi ilikuwa ile ile. "Ukimshusha nitaandika kuwa umefuta pingamizi. Sheria inasema kumi. Sikuitunga mimi."

Dakika ya tano. Mkono wa Veneranda ulianza kurukaruka wenyewe. Ntandu alimfikiria Msengi. Akafikiria majina mia mbili na kumi na wawili. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujidanganya, aligundua kuwa alichokuwa anakifikiria kwa muda mrefu zaidi ni miguu yake mwenyewe ndani ya kiyeyusho. Hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo lililouzuia mkono wake. Mkono ulibaki juu ya wenzo, haukuvuta. Dakika ya sita mkojo ulimtoka Veneranda ukadondoka sakafuni. Ya saba mlinzi alifungua mlango, akatoka nje, akasikika akitapika. Ya nane, presha haikusomeka. Ya tisa. Moyo, sabini na tisa.

Kumi.

Alivuta wenzo kwa nguvu mpaka ubao ukagonga sakafu. Alimfungua, akamwinulia miguu juu ya bega lake, akamwita kwa jina, akampiga mashavuni. Baada ya muda mrefu Veneranda alifumbua jicho moja. Lingine lilifumbuka baadaye, likitazama upande wake.

"Mizani imekosea," alisema Mkaguzi, na akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi. "Mhusika apewe dawa leo. Niletee orodha ya waliohukumiwa waongo. Tutaweka vibao vya majina makaburini, na ndugu waruhusiwe kwenda. Unaona, Bwana Mkumbo, sisi si wanyama. Tukioneshwa kosa, tunarekebisha."

"Ahsante, mheshimiwa."

"Na ubao huu ni kifaa kizuri sana." Aliupapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. "Unga mtu anaweza kuuchezea. Ukitumia kitambaa chenye maji, nani atajua? Lakini kuzimia hakuigizwi. Kuanzia kesho kila anayelalamika asimamishwe dakika kumi. Atakayezimia ni mkweli. Asiyezimia ni mwongo."

Ntandu alidhani amesikia vibaya. "Hapana. Hapana, mheshimiwa, sikiliza. Soksi haianzii hapo. Wengi moto unawaka na moyo bado mzima. Wataunguzwa miguu na bado watasimama hizo kumi. Na wale ambao neva zimekufa kweli, si umemwona huyu? Ubao unapima neva. Haupimi maumivu. Hakuna kinachopima maumivu isipokuwa kumuuliza mtu!"

"Hiyo ni hoja," alisema Mkaguzi Dorosela. "Ila ni pingamizi la pili. Mpimaji ana moja." Alichukua karanga zake. "Mwanzo ni saa moja na nusu. Usichelewe."

*

Walimpa Veneranda dawa. Moto wa miguuni ulizimika kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akalala kutwa nzima kivulini, kwenye kibanda cha kuchambua nyaya. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda upande. Ntandu alipompitia asubuhi iliyofuata alimweleza kuwa kibao cha Msengi kimeshapigwa rangi, kitasimikwa Ijumaa. Veneranda alijaribu kulitamka jina la mumewe. Lilitoka "Mmm," kisha "Mmm" tena. Akaacha, akampungia Ntandu kwa mkono mzima: nenda, utachelewa.

Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Aliwahesabu hadi arobaini akaacha. Walimpisha njia kwa heshima ambayo hakuwahi kuiona, na mama mmoja akamshika koti, akamwambia, "Mungu akuweke, baba. Umetutoa gizani." Habari zilikuwa zimeenea kambi nzima: Ntandu ameishinda Mizani, sasa mkweli anajulikana.

Wa kwanza alikuwa Kitiku, mpiga nyundo wa zamani, mtu wa miraba minne ambaye Ntandu alifanya naye kazi. Alitembea kwa visigino, akikwepa kukanyagia vidole. Midomo yake ilikuwa imepasukapasuka, macho yameingia ndani.

"Tangu jana nilipopata habari sijanywa tone," alimnong'oneza Ntandu, akijipandisha ubaoni. "Na kabla ya kuja hapa nimekimbia mara mbili kuzunguka uzio. Wenzangu wameshauriana, wanasema ukikauka unazimia upesi. Yule binti wa nyuma yangu kajitoa damu kwa wembe, mwangalie asije akazidisha."

"Kitiku, shuka," alisema Ntandu. "Moyo wako mzima. Utasimama dakika zote kumi. Rudi nyumbani, unywe maji, usilalamike tena."

"Rafiki yangu, miguu inaungua."

"Najua."

"Sasa kama unajua?" Kitiku alijilaza vizuri, akaufikia mkanda wa kifua kwa vidole visivyohisi, akaupapasa, ukamshinda. "Nifunge. Nitazimia, usiwe na wasiwasi. Nitajibana pumzi. Kaza, bwana, kaza zaidi, huoni unanipa nafasi ya kuvuta hewa?"

Nyuma yake foleni ilisogea hatua moja.

Ntandu akakaza.